Vipindi Vitatu na Kimoja

Saa mbili na dakika saba asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya muhula, msichana wa mwaka wa kwanza aliketi Ukumbi wa Nane na kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Somo lake lilikuwa Takwimu, nalo lilifundishwa Ukumbi wa Tatu. Alijaza kurasa tano za habari za udongo kabla ya kushtuka, na kwa kuwa mlango ulikuwa ubavuni mwa mhadhiri, aliona haya kutoka. Akakaa hadi mwisho.

Jioni aliwasimulia wenzake wa chumbani, akidhani wakicheka pamoja watazoeana. Wakacheka. Kesho yake bweni zima lilimwita Nane.

Chumba kilikuwa na vitanda vitatu na kabati mbili. Kabati moja ilichukuliwa na Malkia, mwenye kitanda cha dirishani. Ya pili na Kicheko, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Wawili hao walisoma shule moja na walizungumza kwa nusu sentensi, nusu ya pili wakimalizia kwa macho. Nane aliweka nguo zake kwenye sanduku chini ya kitanda. Kwa wiki mbili hawakumsemesha ila kumwambia afunge mlango.

Alhamisi ya wiki ya tatu, Malkia, shuka likiwa bado kidevuni, alimwita mdogo wangu. Nane alimzidi miezi minne, lakini hakusahihisha. Ombi lilikuwa dogo: awasainie yeye na Kicheko mahudhurio ya Takwimu, somo walilosoma wote watatu. Ukumbini waliingia watu mia mbili, na karatasi ilizunguka kutoka mkono hadi mkono bila wa kuhesabu vichwa. Sheria ilibandikwa mlangoni: vipindi ishirini na vinane, anayekosa vinne hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani wa Takwimu anarudia mwaka.

Nane alikuwa na mkono mwepesi. Sahihi ya Kicheko ilikuwa mistari mitatu tu. Ya Malkia ilianza kwa kitanzi kikubwa na kuishia kwa mkia uliopinda. Hiyo aliifanyia mazoezi nyuma ya daftari, na kila wiki ikazidi kunyooka. Malkia alipoiona alisema ni nzuri kuliko ya mwenyewe. Jumamosi ile Nane alipewa rafu moja ya kabati, na kwenye ukumbi wa chakula akasogezewa kiti. Akampigia mama yake simu kumwambia kwamba amepata ndugu.

Jumatano ya wiki ya tisa, mama yake ndiye aliyepiga. Bibi aliyemlea Nane alikuwa amefariki, mazishi ni keshokutwa. Nane alichukua fomu ya ruhusa kwa karani wa idara, akaijaza nusu, Malkia akaiweka pembeni. Fomu ile, alieleza, hupita ofisi tatu; bibi atangoja?

"Nenda kamzike bibi yako. Huku sisi tupo."

Alikosa Alhamisi, Jumatatu na Alhamisi. Siku zote hizo alilia kwa utulivu wa mtu aliyeacha mambo yake mikononi mwa watu. Aliporudi Ijumaa aliuliza; Kicheko akamjibu kuwa mambo shwari. Jumatatu iliyofuata akaendelea kusaini kwa niaba ya watatu.

Ijumaa ya mwisho orodha ya waliozuiwa mtihani ilibandikwa. Kutoka chumba chao lilikuwepo jina moja.

Karani alimfungulia faili. Kwenye karatasi tatu za siku za msiba hakukuwa na sahihi yake, wala ya Malkia, wala ya Kicheko. Wale walikuwa wamekosa vipindi vitatu kila mmoja, yeye vinne. Cha nne kilikuwa Jumatatu ya kwanza.

Nane alimweleza habari za Ukumbi wa Nane. Karani alikuwa mtu wa haki. Alitoka, akaenda idara ya jirani, akarudi na karatasi ya somo la udongo. Sahihi ya Nane ilikuwa pale, ya kumi na moja kutoka juu.

"Basi imethibitika," alisema. "Ulikuwa kwingine." Akaitoboa na kuitia kwenye faili. Kuhusu msiba aliuliza fomu iko wapi. Kisha akauliza kama kuna la ziada.

Nane alitazama sahihi za Malkia. Kumi na tisa zilikuwa za mkono wake, maana siku ya jaribio la katikati ya muhula walikuja wenyewe. Ukutani, juu ya kichwa cha karani, tangazo lilisema anayemsainia mwenzake anafukuzwa chuo.

"Hakuna," alisema.

Chumbani alikuta nguo zake zimekunjwa juu ya sanduku. Rafu ilikuwa na viatu vya Malkia. Aliuliza kwa nini hawakumsainia.

"Siku hizo na sisi hatukwenda," Malkia alisema. "Tungeendaje, na wewe hukuwepo?" Kicheko akageukia ukuta, mabega yakitikisika. "Halafu usituonee, mdogo wangu. Hivyo vitatu ni vya msiba wako, na cha nne ulikwenda kukipoteza mwenyewe kule Nane."

Jumatatu, saa tatu kasorobo, Nane alisimama nje ya ukumbi wa mtihani akiwa na kalamu mbili, kwa tumaini kwamba mhadhiri angepita na kumruhusu aingie. Hakupita. Mlangoni msimamizi alikuwa na faili la mahudhurio, akilinganisha sahihi ya kila anayeingia. Kicheko alishapita.

Malkia alitoka kwenye foleni, akamfuata.

"Mkia unapindia wapi siku hizi?"

Nane aliendelea kutazama kama mhadhiri anakuja.

"Ile yangu ya zamani haifanani tena na yako. Nikikamatwa, wataniuliza aliyeandika ni nani. Wewe leo unarudia mwaka tu. Unataka kufukuzwa?"

Saa tatu kasoro dakika nne, Nane alichora sahihi kwenye kiganja chake na kumfunulia. Malkia aliitazama, akairudia hewani kwa kidole mara mbili, akarudi kwenye foleni. Msimamizi alilinganisha, akaitikia kwa kichwa, akampa namba ya kiti.

Saa tatu kamili mlango ulifungwa.