Mlango wa Rehema

Kasongo nzima hakuna mwanaume mwenye mashine za ufundi kama Atumani, na hakuna nyumba iliyotengenezwa ikaharibika kama yake. Mke wake, Mounira, aliyajua yote mawili, ila majirani walipokuja kumsifia mume alisema Alhamdulillahi na kuendelea kutwanga sombe, majani yake ya muhogo.

Atumani aliuza vitenge sokoni, kazi ambayo haimdai mtu hata bisibisi. Lakini kila wachimba dhahabu wa Lusangi walipokwama na kuuza vitu vyao, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika. Alirudi na perseze, ile mashine ya kutoboa. Kisha akarudi na perseze nyingine, kwa sababu ya kwanza, alisema, ilikuwa ya mbao, na hii ya pili ni ya saruji. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi. Saruji ilikuwa kwenye kizingiti tu, tena kidogo. Mounira alimkumbusha hilo kwa upole.

"Mama Rehema," Atumani alimjibu kwa huruma, "weye unaona nyumba ya leo. Mimi naona ya kesho."

Nyumba ya kesho ilivuja palepale ilipovuja ya jana.

Ikaja mashine ya randa, ukaja msumeno wa duara, ikaja na mashine moja ya kuzunguka ambayo hata aliyeiuza hakujua inazungukia nini. Umeme je? Alinunua jenereta, na jenereta ikataka mafuta kuliko watoto wanavyotaka uji. Mounira alikuwa na chombo kimoja tu, nyundo ya marehemu mama yake, nayo aliifukia ndani ya mfuko wa unga wa muhogo. Nyundo hiyo ilikuwa na dada yake hapo zamani, nyundo ya pili. Atumani aliulainisha mpini wa dada yake kwa mashine, ukalainika kweli, na siku ya kwanza ya kazi kichwa cha nyundo kikaruka mpaka kwa jirani.

Kwa ajili ya mali zote hizo alijenga stoo uani. Mlango wa stoo ulikuwa wa libuyu, mbao ngumu, mpana ili jenereta ipite, na kufuli lake lilitosha gereza. Seremala aliutengeneza kwa mkono, kwa randa ya mkono na patasi. Jambo hilo halikutajwa mbele ya Atumani.

Basi Rehema, binti yao, akaposwa na Djafari, kijana mwenye duka dogo kule Kabambare. Mounira alifurahi mpaka akashindwa kula. Kwao bibi harusi anafungiwa chumbani, haonekani. Siku watu wa bwana harusi wanapokuja kumchukua, wanabisha hodi mlangoni pake, na wanawake wa ndani wanaushikilia mlango. Wanawahoji, wanawacheka, wanawakatalia, na mlango haufunguki mpaka zawadi zitoke. Siku ya harusi ya Mounira, mama yake aliushikilia mlango mpaka mashangazi wa Atumani wakaomba viti. Tangu siku ile Mounira alikuwa anaingojea zamu yake. Hakutaka wali mwingi wala muziki. Alitaka ashikilie mlango wa mwanawe.

Na mlango wa chumba cha Rehema ulikuwepo, ndicho kinachouma. Ulikuwa unagusa sakafu kidogo, kama mlango wowote wa Kasongo unavyofanya mvua zikianza, na kiangazi ungejirudi wenyewe. Mounira alikosea mara moja tu: alilitaja hilo mbele ya mumewe.

Atumani aliung'oa asubuhi ileile, akiimba. Akauranda chini, ukapinda. Akauranda juu ili ulingane na chini, ukawa mfupi. Akaona upana sasa haupatani na urefu, akauranda pembeni. Wakati huohuo alitoboa ukuta kwa perseze ya saruji ili atie bawaba mpya za kisasa, na ukuta wa udongo ukamjibu kiudongo: ukamwagika. Kila siku mlango ulipungua na tundu la ukuta likaongezeka. Mwishowe mlango ulifaa kufunika pipa, na pale ulipokuwa pangeweza kupitisha ng'ombe na mwenye ng'ombe.

Mounira alitundika kitenge. Upepo ukawa unakifunua, na bibi harusi aliyefichwa akawa anasalimiwa na wauza ndizi, anaulizwa habari za harusi, na anajibu.

"Papa Rehema," Mounira alisema, wageni wakiwa wanakuja kesho yake, "watabisha hodi wapi?"

"Kwenye kitenge."

"Kitenge kinabishwa namna gani?"

Atumani aliwaza. "Wataita tu. Sauti wako nayo. Na mlango iko karibu kuisha, imebakia kupiga mashine kidogo."

Mounira aliingia jikoni, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akalia. Hakulilia ukuta. Alilia kwa kuwa anaye binti mmoja, na ile siku hairudi, na watu wa Kabambare watahadithiana mpaka kwa wajukuu kwamba walimchukua mtoto wa Kasongo kama kuku aliyeachwa njiani.

Kesho yake, Ijumaa, Atumani alivaa kanzu akaenda msikitini. Mounira alijua kwamba baada ya swala atabaki kibarazani kuwaeleza wenzake faida za mashine ya randa. Alimwita jirani yake, Marie-Thérèse, mwanamke wa kwaya mwenye mikono minene. Kisha akaingiza mkono ndani ya unga.

Marie-Thérèse alipoonyeshwa mlango wa stoo, alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukamwagika tena. Waliung'oa pamoja na fremu yake, wakaubeba, wakauchomeka kwenye lile tundu. Kweli Atumani alikuwa amelipanua vizuri, kwa mara ya kwanza kazi yake ilifaa. Wakapiga misumari, wakaziba pembeni kwa udongo. Mlango ukafunga, tena kwa kufuli.

Atumani aliporudi alikuta stoo iko wazi na mashine zake zote zinawatazama wapita njia. Kelele za pikipiki za wageni zilikuwa zinasikika barabarani.

"Mounira, mlango yangu iko wapi?"

"Kabishe hodi, utaijua."

Baba wa bibi harusi hakuwa na la kufanya. Aliweka kiti kwenye uwazi wa stoo, akaketi na kanzu yake akilinda, na harusi ya mwanawe aliipokelea hapo. Tusimhurumie sana. Wanaume wa Kabambare walimzunguka wakiuliza hii ni ya nini na ile ni ya nini, akang'aa uso kuliko bwana harusi.

Ndani, wanawake walikuwa wameegemea mlango, Mounira mbele. Hodi ikapigwa. Libuyu ikaitika vizuri, nzito.

"Nani?"

"Watu wa Kabambare."

"Hatuwajui. Mmepotea?"

Walisimamishwa mpaka shangazi wa Djafari akaomba kiti, na Mounira akasikia raha imemshuka mpaka miguuni. Alifungua upenyo kidogo. Vikapita vitenge, yakapita manukato, ukapita mkufu. Wanawake wakasema bado.

Ndipo Djafari mwenyewe akaja mlangoni, kwa adabu. "Mama, niko na kitu kingine, hii nimeichagua mwenyewe." Akapitisha boksi. "Ni perseze, ya betri. Papa Rehema alinionyesha zake siku ile ya posa, nikaona hii kazi ni nzuri sana. Mlango ya chumba yetu kule Kabambare inagusa sakafu kidogo. Nitaitengeneza mimi mwenyewe."

Mounira alilitazama boksi, akamtazama bintiye aliyekuwa amefunikwa shela, hajui kitu. Akaingiza mkono chini ya kitenge chake, akatoa nyundo ya mama yake, yenye unga bado, akamwekea mapajani.

"Ifukie ndani ya unga," alimnong'oneza. "Na mlango ukikwama, mwanangu, usimwambie mtu. Ngoja kiangazi."

Kisha akafungua.