Mfupi wa Kazini

Katika familia yetu jina la babu halikuwahi kuwa la mtu mmoja. Babu mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Kabla hajafa aliwaita wanawe wawili, baba yangu na baba mkubwa, akawaambia kila mmoja ampe mwanawe wa kwanza wa kiume jina lake, lote, la kwanza hadi la ukoo. "Nikifa kwa mmoja, nitabaki kwa mwingine," alisema. Watu wakacheka, maana babu alikuwa mtu wa maneno. Watoto hao walizaliwa wakipishana wiki tatu. Kwenye vyeti vyao kilichowatenga ni tarehe na majina ya wazazi.

Lakini nyumba haiendeshwi kwa vyeti. Ukiliita jina hilo uani waligeuka wawili, na kama kulikuwa na maji ya kuteka hakugeuka hata mmoja. Mama akachoka. Kaka yangu, aliyechelewa kurefuka, akamwita Mfupi. Mwenzake, ambaye kichwa chake kiliwahi kupasua kioo cha kabati kisipate hata mchubuko, akamwita Nyundo. Walipofika miaka kumi na sita kaka alirefuka ghafla mpaka akawa anainama kila mlango, na Nyundo akabaki palepale, mfupi na mpana kama kinu. Hatukubadilisha kitu. Mgeni alipomwona Mfupi akiinama kuingia sebuleni alicheka, nasi tukacheka naye kila mara kana kwamba utani ulikuwa wa siku ile.

Wao wenyewe hawakuitana hivyo. Waliitana somo, kama wanavyoitana watu wa jina moja. "Somo, nipishe nipite." "Somo, hiyo nyama uliyokula ilikuwa na mwenyewe." Sisi wengine hatukulitumia neno hilo. Lilikuwa lao.

Wote wawili walipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha mbao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani. Kaka alikuwa ndani, kwenye msumeno mkubwa. Nyundo alikuwa nje uwanjani, akipokea magogo na kuyapanga. Kwenye fomu zao, mahali pa ndugu wa kuarifiwa, wote wawili waliandika namba yangu.

"Aliyesoma ni wewe," Nyundo aliniambia. "Watu wa ofisini wakipiga, sisi tutawajibu nini? Wewe utawajibu kwa lugha yao ya mafaili."

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache nyuma. Maneno yale yalinivimbisha kichwa kidogo, sitaficha.

Simu ilikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa chumbani kwa mke wa Nyundo, ambaye ni fundi cherehani na wote tunamwita Wifi Fundi. Alikuwa akinipima gauni la kuvaa kwenye usaili, pini zimejaa mdomoni.

"Simama wima, wifi. Ukienda kuomba kazi umejikunja hivyo, watakupa ufagio."

Nilipokea huku nacheka. Karani wa kiwandani alilitaja jina la babu, lote, akauliza kama mimi ni ndugu yake. Kisha akasema rundo la magogo limeporomoka, na amefariki palepale.

"Yupi?" nikauliza. "Wako wawili."

Nilimsikia akiziba simu kwa kiganja na kuwauliza watu. Akarudi.

"Wanasema ni Mfupi."

"Mfupi?"

"Ndiyo, dada. Mfupi. Mwili unapelekwa hospitali kuu. Tumeni mtu mzima. Poleni sana."

Ikakatika. Nilipopiga tena, ilikuwa inatumika, kisha haikupokelewa.

Wazo lilinipitia. Mfupi anafanya kazi ndani, alikuwa akitafuta nini kwenye magogo? Lilinipitia na nikaliacha lipite. Miaka minne nimefundishwa kuuliza maswali, na siku nilipohitaji swali moja tu, yuko kitengo gani, mama yake nani, sikuliuliza. Niliambiwa Mfupi, na Mfupi nilimjua tangu naanza kutambaa.

Wifi Fundi alikuwa ameondoa pini mdomoni. "Mfupi?" aliuliza. Niliitika kwa kichwa. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, na nikaona mabega yake yakilegea. Ilikuwa ni sekunde moja. Baada ya hapo alinikumbatia na kulia kwa sauti iliyowatoa watu vyumbani.

Saa chache zilizofuata nyumba ilishikwa na Wifi Fundi. Mama alikuwa amekaa sakafuni. Mke wa kaka, tunayemwita Wifi Mdogo, alikataa. "Asubuhi hii amenidai soksi," alirudia. "Nimemwambia ziko kwenye kamba. Mtu anayedai soksi hafi." Wifi Fundi ndiye aliyewaambia majirani watoe makochi nje, akatandika mikeka, akawapeleka watoto kwa jirani wasisikie.

Baba mkubwa, baba yake Nyundo, alisema atakwenda hospitali yeye. "Baba yake hayupo tena. Mimi ndiye baba yake." Akaomba shuka. Wifi Fundi akatoa jora la kitambaa cheupe ambacho mteja alikuwa ameacha, akakata mita nne. Kisha akaketi kwenye cherehani akaanza kukunja pindo.

"Mama, hicho ni cha kufunikia tu," baba mkubwa alimwambia. "Mimi nina haraka."

"Shemeji yangu hafunikwi na nguo inayochuruzika nyuzi, baba. Dakika mbili."

Akashona pande zote nne, mishono midogo, iliyonyooka. Akaikunja, akampa. Baba mkubwa aliondoka ameikumbatia kifuani.

Kisha Wifi Fundi akaja kukaa mkekani, akakiweka kichwa cha Wifi Mdogo mapajani.

"Lia, mwenzangu. Lia, usijizuie. Mimi nipo. Nyundo yupo. Watoto wako hawatalala njaa Nyundo akiwa hai, nakuapia."

Alikuwa akimpigia Nyundo mara kwa mara. Simu iliita bila kupokelewa. Hilo halikumtisha mtu, kwa kuwa pale kiwandani simu zote huachwa kwenye sanduku getini. "Atakuwa yuko na maiti, masikini," alisema. "Sijui ataishije bila somo wake. Akirudi, msimsemeshe. Niachieni mimi."

Saa nane mchana mlango ulifunguliwa na mtu akainama kuingia.

Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mbao. Mkononi alishika jozi ya viatu vya kazi, vidogo, vipana, vimefungwa pamoja kwa kamba zake. Nyuma yake alikuwa baba mkubwa, ameshika ukingo wa shati la kaka kama mtoto anayeogopa kupotea njiani. Shuka hakuwa nayo.

Mama alipiga ukelele. Wifi Mdogo aliinuka, akajikwaa kwenye mkeka, akamrukia mumewe na kumpapasa uso, masikio, mikono. "Ni wewe? Ni wewe?" Kaka hakumwangalia. Alikuwa akimwangalia Wifi Fundi, ambaye bado ameketi, mapajani pake pamebaki patupu.

"Shemeji," alisema. "Somo amekwenda."

Ni neno moja, na hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake.

Wifi Fundi hakulia. Alivitazama vile viatu. Akageuza uso taratibu, akamtazama baba mkubwa, akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Ile shuka?"

Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa. "Amevaa," akasema.

Baadaye kaka alitueleza. Mambo ya kazini yalikuwa yakiachwa kazini, kwa hiyo hatukujua kwamba kule walipewa majina mengine. Vibarua walipomwona huyu mrefu walimwita Mlingoti, na yule mwingine walimwita jinsi macho yao yalivyomwona. Wenyewe walilichekea sana. Nyundo alikuwa akisema, "Somo, jina hili limeshakubana, umelizidi. Lilete kwangu, mimi linanienea."

Tulimzika Alhamisi. Kwenye ubao wa kaburi liliandikwa jina la babu, lote, na kaka alisimama akilisoma jina lake mwenyewe mpaka watu wote wakaondoka. Usiku ule tulipokuwa tunakula alisema, "Msiniite tena Mfupi. Mfupi amezikwa." Tukaliacha. Ila kuanzia hapo hatukujua tumwite nani. Mama alisema "mwanangu". Mimi nilisema "kaka", na ikiwa yuko mbali nilimfuata aliko ili nisimwite.

Wifi Fundi hakunisemesha kwa miezi miwili. Cherehani ilifunikwa. Nilimwandikia meneja wa kiwanda barua, nikaomba kwenye daftari la wafanyakazi waongeze jina la mama na kitengo cha kazi. Karani yuleyule alinipigia kusema wameongeza. Ni kitu kidogo, najua. Nakiandika kwa sababu huenda kikamfaa mtu.

Siku moja Wifi Fundi alinigongea. "Lile gauni halijaisha. Njoo."

Nilisimama wima bila kuambiwa. Alipima kiuno, akaandika, akapima tena palepale.

"Sikulaumu kwa kukosea, wifi," alisema akiwa nyuma yangu. "Ningekuwa mimi ningekosea vilevile. Ila nilipumua. Ulinitajia Mfupi nami nikapumua. Uliniona."

"Nilikuona."

"Saa nne nzima mume wangu amelala kule, na mimi niko hapa nashukuru. Machozi yake ya kwanza nilimpa mtu mwingine. Nitayapata wapi tena?"

Akafunua cherehani, akakanyaga, gurudumu likazunguka bure. Mkanda ulikuwa umekatika. Alikaa akiutazama. Uzi mweupe wa siku ile ulikuwa bado umo kwenye sindano.

Kaka alikuwa uani akinoa panga. Wifi Fundi alikwenda dirishani akamwita. Hakusema shemeji. Aliita jina la babu, la kwanza hadi la ukoo, kwa sauti ya kufika mbali. Tangu Mama awape yale majina ya utani sikuwahi kulisikia jina hilo likiitwa nyumbani kwetu.

Kaka hakugeuka. Aliendelea kunoa, kama alivyozoea utotoni, akimwachia mwenzake aitike.

Akaita tena. Safari hii jiwe la kunolea lilisimama. Aligeuka polepole, akatazama nyuma yake kwanza, pale uani ambapo hapakuwa na mtu.

"Unamwita nani, shemeji?"

"Wewe," alisema. "Umebaki wewe. Njoo unifungie mkanda."

Alifuta mikono kwenye suruali, akaja, akainama mlangoni.