Paa Lisilotoa Moshi

Coleta alikuwa anasonga ugali wa ulezi kwenye jiko dogo la gesi, lile la kubeba safarini, aliloletewa na binti yake kutoka Sumbawanga mjini. Mara majirani wakaingia uani, wamejitwisha kuni na unga, kimya kimya. Mama Jenifer akamkumbatia.

"Pole, mwenzangu. Mwili unafika lini?"

Mwiko ukamponyoka. Mume wake, Isdori, alikuwa ameshuka Kasanga kununua samaki. Ina maana kijiji kizima kimeshajua, yeye ndiye wa mwisho? Akaketi chini akaanza kulia, na wenzake wakaangua kilio.

Simu ikaita. Ni Isdori, anauliza alete migebuka mibichi au mikavu.

Coleta akawageukia wenzake. "Nani kawaambia kuna msiba?"

"Paa la jiko lako halitoi moshi tangu juzi," Mama Jenifer akasema, naye haelewi. "Na hapa kwetu, jiko lisilowashwa ni la waliofiwa. Sasa sisi tungefikiri nini?"

Wakala ule ugali na maharage yake, wakausifu. Coleta bado anapikia gesi, ila kila asubuhi kwanza huwasha kuni jikoni, bila sufuria.