Meli Isiyo Kwenye Orodha

Tangu saa moja asubuhi Mzee Ndalahwa alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya uhakiki, Bariadi, jicho la kulia limeziba kabisa na la kushoto likifuata njia hiyohiyo. Jumatatu madaktari wa macho wangekuja kuwapasua bure waliotumika katika vita vya Kagera. Leo, Ijumaa, ilikuwa siku ya mwisho ya kupata barua ya uthibitisho. Bila barua ni upofu, hakuna haja ya kuzungushana.

Pembeni alikaa Machibya wa Kiloleli, mguu mmoja na gongo la kutembelea. Alikuja kumtolea ushahidi mwenzake, na yeye mwenyewe kuomba mguu wa bandia.

Saa tano wakaitwa. Karani, binti aitwaye Joyness, alikuwa na maneno ya upole, na hilo ndilo baya zaidi. Mtu mkali unaweza walau kumkasirikia.

"Mwangaluka, babu," akamwamkia kwa Kisukuma. "Kikosi gani?"

"Meli."

"Meli siyo kikosi, babu."

"Ile meli ya abiria waliyoigeuza hospitali. Tulichukua majeruhi Bukoba, tukawaleta Mwanza. Nilibeba machela, nilifua damu, waliokufa njiani niliwafunga shuka."

Joyness akateremsha kidole kwenye orodha. Askari wa miguu walikuwemo, wa mizinga walikuwemo. Meli haikuwemo.

"Kitambulisho je?"

Ndalahwa angemwelezaje? Aliporudi kwao Nassa baada ya vita, mama yake alimsimamisha nje ya kaya na dawa ya kumtakasa, maana aliyeshika maiti za vita haingii nyumbani hivihivi. Sare, viatu, mkoba na karatasi zote vikatiwa moto. Yeye mwenyewe ndiye aliyechochea, tena kwa furaha. Nani angedhani kwamba miaka arobaini na ushei baadaye serikali ingemdai majivu?

"Kiliungua," akasema.

"Shahidi mimi hapa!" Machibya akadakia. "Mguu huu nilikatwa mle melini, juu ya meza ya kulia chakula, ziwa limechafuka. Huyu alinilalia kifuani nisiruke, nikamng'ata bega. Mwonyeshe, Ndalahwa!"

Ndalahwa akafungua vifungo vya shati. Kovu lilikuwepo. Joyness akalitazama, kisha akainamisha macho.

"Poleni sana. Mfumo unataka namba ya kikosi, nikiacha wazi unagoma. Ila babu Machibya, wewe jina lako lipo."

Akamjazia fomu palepale, akisoma kwa sauti. Mahali alipojeruhiwa. Tarehe. Aliyemhudumia.

"Andika Ndalahwa," Machibya akasema.

"Hayumo kwenye mfumo, babu. Nimeweka 'hajulikani'."

Karatasi ikatoka kwenye printa. Machibya akaisukuma mbali.

"Siweki dole gumba kwenye uongo. Mniache na gongo langu!"

"Weka, kaka," Ndalahwa akasema taratibu. "Mimi ndiyo nimekwisha. Tukikosa wote wawili, nani atanishika mkono barabarani?"

Machibya alikuwa analia waziwazi, mkono ameuacha mezani. Ndalahwa akapapasa mezani mpaka akaupata, akaushika kwa nguvu, akakandamiza dole gumba la mwenzake kwenye wino, kisha kwenye karatasi.