Benchi Linarudi Kanisani

Bibi aliponiambia nilete benchi, nikajifanya sijamsikia vizuri.

"Benchi gani?"

"La kanisani, mume wangu," akasema, kama anavyoniita mimi mjukuu wake. "Jumapili tunarudi."

Benchi lenyewe lilikuwa karakanani kwangu, na juu yake ndiko nilikokuwa nakatia mbao.

Niwaeleze kidogo. Zamani kanisani kwetu kila familia ilichonga benchi lake, ikaliweka pake. Halafu wakagombana kisa gitaa. Mchungaji wa wakati ule alisema gitaa ni chombo cha baa. Babu yangu akamuuliza, kwani Daudi kinubi alikipigia baa? Ikawa vurugu. Kundi la babu likatoka, kila familia na benchi lake kichwani, wakaanza kusali kwenye banda la mabati ng'ambo ya barabara. Wakawa wanasikia wenzao wakiimba, nao wanaongeza sauti. Waliobaki nao hawakuziba zile nafasi. Watu wazima wamenuniana, wengine wamekufa wamenuna. Sasa wamepatana, wamekubaliana kila aliyetoka na benchi arudi nalo.

Babu alipofariki na banda likaanza kuvuja, Bibi alinipa mimi benchi nimtunzie. Shule ilinishinda, lakini useremala naujua. Ndiyo maana sina pa kujitetea.

Akaja karakanani mwenyewe. Akapapasa ule ubao: misumari, gundi, rangi ya kila mteja, na mikato ya msumeno kila mahali.

"Nitakuchongea jipya, Bibi. Mbao safi kabisa."

"Jipya lilitoka kanisani lini?"

"Watatucheka."

"Watakucheka wewe. Mimi sijakata mbao."

Jumapili nikalibeba. Mabenchi ya wenzetu yalipigwa vanishi, yanang'aa kama majeneza ya matajiri. Fundi magari wa jirani akanipigia kelele, "Seremala! Hilo unaenda kuliombea au kulizika?" Barabara nzima ikacheka. Bibi alikuwa mbele yangu, hakugeuka.

Nafasi yetu ilikuwepo, karibu na dirisha. Nikaliweka. Likainama upande mmoja.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sakafu ya karakana yangu imelala upande, kwa hiyo nilikata mguu mmoja wa benchi ili likae sawa. Niliukata huku napiga mluzi.

"Mama, njoo ukae huku kwetu," mama mmoja wa waliobaki akamwambia Bibi.

"Ahsante, mwanangu. Nina pangu."

Akakaa. Benchi likayumba, akadaka dirisha. Kanisa zima liliona. Nikapiga goti pale pale, nikaegemeza upande mbovu kwenye paja langu, kama jeki. Vijana wa kwaya wakabana midomo.

Mchungaji akasimulia historia: waliojenga, waliogombana, waliotoka. Alipofika kwenye mabenchi akasema, "Tumshukuru Mungu, yametunzwa vizuri."

"Amina!"

Bibi hakusema amina.

Jasho linanidondoka, paja limekufa ganzi, nikamtazama nikisubiri japo anikemee. Hakunitazama. Alisogea tu, taratibu, mpaka akaja kukaa mwisho kabisa upande wangu, na uzito wote ukanilalia mimi.