Madaftari Yenye Kelele

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mwalimu wa hesabu alifungua daftari la kumi na moja katika rundo la kazi za nyumbani za darasa la nne, na sauti ya mwanamume ikatoka kwenye ukurasa.

"Hamsini na sita. Andika hamsini na sita. Si hapo, jamani, huku chini."

Mwalimu alitazama swali la tatu: kumi na nne mara nne. Jibu lilikuwa hamsini na sita, nalo lilikuwa huku chini. Akaweka alama ya vema.

Alipolifunga daftari, sauti ilikatika. Alipolifungua, iliendelea. Hadi mapumziko ya saa nne alikuwa ameyapitia madaftari yote themanini, na kila moja lilitoa sauti za nyumba ambamo kazi ilifanyiwa. Katika thelathini na moja, mtu mzima alisikika akitaja majibu. Katika mojawapo, baba na mama walibishana kuhusu desimali mpaka mtoto akaaga akaenda kulala. Jibu lililoandikwa lilikuwa la mama. Lilikuwa sahihi.

Daftari la sitini na nne lilikuwa la msichana wa miaka tisa ambaye wenzake walimwita Kalkuleta, kwa sababu humaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Nyumbani kwao wako watatu. Mama yake hufua mashuka ya hospitali. Hutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Mdogo wake ana miezi kumi na mmoja, na Kalkuleta humchukua kwa jirani kila anapotoka shule.

Ukurasa wake ulitoa sauti ya maji yakimiminwa kwenye ndoo, kifuniko cha sufuria, na kilio.

"Nyamaza basi, bosi wangu. Nimalize la tano, nakubeba."

Baada ya hapo zilisikika pumzi za watoto wawili waliolala. Maswali yalikuwa kumi. Alikuwa amefanya matano, yote sahihi. Chini ya ukurasa palikuwa na sahihi ya mzazi, kama shule inavyotaka. Mwalimu akageuza ukurasa uliofuata, uliokuwa mtupu, na huo pia ulikuwa na sahihi. Kurasa zote zilizobaki zilikuwa nazo.

"Nimetia sahihi mpaka mwezi wa sita," sauti ya mama ilisema, kalamu ikikwaruza. "Zitatosha?"

"Zitatosha, mama. Mkono hauumi?"

"Unauma. Lete huo ukurasa mwingine."

Mwongozo wa shule unasema sahihi huthibitisha kwamba mzazi ameiona kazi, na kazi isiyothibitishwa hivyo hukatwa alama mbili. Mwalimu aliandika tatu kati ya kumi.

Jumatano aliyapeleka madaftari sita kwenye kikao cha walimu, akayafungua mezani moja baada ya jingine. Mwalimu wa lugha alisema ya kwake yalianza wiki iliyopita, ila alidhani ni redio ya kantini. Mwalimu wa darasa la kwanza alilalamika kwamba kabati linawapigia watoto wake kelele.

"Wanaofanyiwa wanapata kumi," mwalimu wa hesabu alisema. "Anayefanya mwenyewe anapata tatu. Na kazi hii ya nyumbani ni alama arobaini katika mia za muhula."

"Mwalimu, sisi tunasahihisha majibu," mwalimu mkuu alisema. "Hatusahihishi nyumba za watu."

Kikao kiliazimia madaftari yajaladiwe kwa magazeti, tabaka mbili. Ijumaa yote yalikuwa na majalada, na hayakutoa sauti hata yakifunguliwa.

Wiki iliyofuata mwalimu wa hesabu alitoa maswali ishirini yafanyiwe darasani, mbele yake. Kalkuleta alipata ishirini. Mtoto aliyeambiwa aandike hamsini na sita alipata manane. Mwalimu alipeleka matokeo kwa mwalimu mkuu, ambaye aliyasoma yote kwa makini, akasema jaribio hilo halimo kwenye mwongozo.

Mwisho wa muhula watoto arobaini wa kwanza walipangwa mkondo wa A, kwa mwalimu wa hesabu. Kalkuleta alikuwa wa arobaini na tatu.

Mama yake aliitwa kujulishwa. Aliomba ruhusa ya saa moja, akaja na aproni yake.

"Mwanangu hesabu hajui?" aliuliza.

"Anajua kuliko wote, mama."

"Sasa?"

Mwalimu alibandua jalada la daftari na kulifungua katikati. Ilisikika sauti ya kijiko kikigonga bakuli. Kisha mtoto mdogo akasema, kwa mara ya kwanza, neno zima.

"Mama."

"Mimi dada," Kalkuleta alisema. "Mama anakuja baadaye. Sema dada."

"Mama."

"Haya, bosi, kama umeamua. Swali la sita."

Mama alisikiliza mpaka ukurasa ulipoisha.

"Hiyo ilikuwa lini?"

Mwalimu alisoma tarehe. Ilikuwa Jumanne, wiki tano nyuma.

"Nirudishie hapo mwanzo, mwalimu."

Aliurudisha mara tatu. Mara ya nne mama alitazama saa ya ukutani, akashukuru, akarudi kazini. Mwalimu alimwandikia mwalimu mkuu barua ya kurasa mbili. Ilipokewa, ikagongwa muhuri.

Muhula mpya ulipoanza, Kalkuleta alihamia mkondo wa B, dawati la pili kutoka dirishani. Mkondo wa B hupewa kazi ya nyumbani mara mbili ya ile ya A, ili watoto wake wawafikie wenzao. Saa tisa kasoro dakika ishirini mwalimu wa B aliandika ubaoni maswali ishirini. Wengine walipokuwa bado wananakili, Kalkuleta alikuwa amekwisha kufanya manne, na kengele ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili.

Mwalimu wa B alisimama kando ya dawati lake.

"Hiyo ni kazi ya nyumbani, binti. Funga daftari."

Akalifunga.