Onyo la Wino

Jumanne moja ya mwaka 1998, baada ya alasiri, wanahewa wanne waliokufa mwaka 1957 walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, mjini Edmonton, wakagonga mlango wa Mzee Muhiddin. Zahra, bintiye, alifungua huku ameshika mataulo. Walikuja kila Jumanne wakichuruzika maji ya bahari, na yeye alishachoka kukamua zulia.

"Baba, wageni wako hao," alisema. "Leo wamekuja na mvua yao."

Mvua ilinyesha juu ya kochi tu. Kochi lenyewe jipya, jamani.

Zamani Muhiddin alikuwa karani wa ramani za hali ya hewa huko Aden, katika kikosi cha Waingereza kilichorusha ndege kwenda kupima mawingu na upepo. Ramani zilichorwa kwa penseli, maana hewa hubadilika kila saa na lazima ufute. Asubuhi ile aliandika: tufani, ndege isiruke. Mkuu wa kikosi alivitaka vipimo kwa udi na uvumba, akachukua raba akalifuta onyo. Rubani Douglas na wenzake wakaruka. Jioni, ilipojulikana wamezama, mkuu aliliandika upya, kwa wino. Muhiddin aliona yote akanyamaza, akiogopa kibarua kuota nyasi. Aibu hiyo alizeeka nayo.

Sasa historia ya kikosi ilikuwa inaandikwa. Mwandishi wake, Jeff, alifika Jumanne hiyohiyo na nakala ya ramani. Aliwapa mkono wote wanne, akajifuta kiganja, akakaa mbali na kochi.

"Kwenye rasimu umeandika Douglas alipuuza onyo," Muhiddin alisema. "Si huyo hapo? Muulize."

"Sikuliona," Douglas alisema. "Mke wangu yu hai. Asije akasoma kwamba niliwaua wenzangu."

"Pole sana," Jeff alijibu. "Ila ushahidi wa marehemu hatuupokei."

"Basi pokea wangu. Onyo hilo ni la wino. Sisi tulitumia penseli."

Jeff aliinua nakala dirishani. Kwenye fotokopi, penseli na wino vilikuwa weusi mmoja. Ramani yenyewe ilikwishachomwa, kupunguza makaratasi.

"Na wewe, Mzee, ulinyamaza miaka arobaini na moja," Jeff alisema.



Kitabu kilitoka mwaka 2000. Douglas alikisoma wima, asizidi kuliloesha kochi. Rubani alipuuza onyo, ndivyo kilivyosema.

"Mke wangu amekinunua," alisema, akakifunga. Kisha akataja vipimo vya mawingu na upepo vya siku hiyo, kama kawaida yake kila Jumanne.

Muhiddin alivuta karatasi. Zahra alimpa kalamu ya wino, lakini mkono ulizoea penseli, akaichukua hiyo. Akaandika: tufani, ndege isiruke. Safari hii Douglas aliliona onyo. Alishukuru, akavaa kofia, wakateremka ngazi kwenda kuruka, kwani amri ya mkuu ilikuwa ileile.

Jumanne iliyofuata walirudi wameloa.